Boya la Marehemu Albano

Hamisa hakupiga kelele. Angepiga kelele, Mfaume angejua la kufanya, maana kelele za mkewe alishazizoea. Unakaa kimya, unaitikia "ehee" hapa na pale, zinapita. Siku hiyo mama wa watu aliongea taratibu, huku anakuna nazi. Alisema pikipiki lile lililolala barazani lisipowaka kabla ya Idi ya Mfungo Tatu, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu wa Kurasini aje na mkokoteni wake. Baraza analitaka. Ataweka friji, auze barafu za ubuyu na maji baridi kama wanawake wenzake wa Temeke.

Tusimwonee Hamisa. Zilikuwa zama za ruksa zile. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni juzi tu, leo kila mmoja ana kimeza mbele ya mlango na kitu cha kuuza juu yake. Na baraza lao lilikuwa zuri, limetazama njia ya watu, lina kivuli asubuhi na jioni, ila limekaliwa na dude la chuma lililofunikwa gunia, halitembei wala halitagi mayai. Miaka mitatu alivumilia. Nani angevumilia zaidi?

Dude lenyewe lilikuwa BSA, pikipiki la Kiingereza. Mfaume alilinunua akiwa kijana mwendesha winchi bandarini, kwa mzungu mmoja rubani wa meli aliyekuwa anafunga mizigo yake kurudi kwao. Mwaka uliofuata alilipeleka Kisarawe, akaoa, akampakia Hamisa nyuma na kasha lake la nguo, wakaja nalo mpaka Temeke. Watoto wote watano walipelekwa kliniki na pikipiki hilo. Mfaume alilipenda, na hakuona haya kusema analipenda. Alipostaafu likastaafu naye, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado mzima.

Ugonjwa wa pikipiki ulikuwa mdogo, wa kuudhi. Ndani ya kabureta kuna kikopo cha shaba, kitupu ndani, kimezibwa pande zote, mafundi wanakiita boya. Petroli ikijaa, boya linaelea na kufunga njia. Petroli ikipungua, linashuka na kufungua. Sasa boya la Mfaume lilitoboka. Likanywa petroli, likazama, njia ikabaki wazi saa zote, na petroli ikamwagika barazani mpaka majirani wakawa wanaogopa kuwasha jiko. Fundi redio wa Tandika aliliziba kwa lehemu. Likawa zito, likazama zaidi. Mfaume akapata wazo lake mwenyewe, akachukua mpira wa tenisi ya mezani, akaukata na kuugundisha vizuri, akautia humo. Petroli ikauyeyusha ukawa uji. Hamisa alicheka siku mbili kwa habari ya mpira ule.

Basi baada ya onyo la siku ile Mfaume akafunga lile boya bovu kwenye leso, akalitia mfukoni, akaingia mjini. Kariakoo alizunguka, Ilala alizunguka. Maduka yamejaa, wallahi, spea mpaka zinaning'inia milangoni, lakini zote za Kijapani. Kijana mmoja aliligeuzageuza boya mkononi, akamuuliza kwa adabu kama pikipiki lenyewe lilipigana vita ya kwanza au ya pili. Mfaume alitamani kumzaba kibao, akakumbuka umri wake.

Aliyemsaidia alikuwa fundi mkongwe wa Gerezani, Abdulrahman, ambaye alikuwa anatengeneza pikipiki kabla kijana yule hajazaliwa. Abdulrahman alimwambia asipoteze soli za viatu, boya la namna hiyo halipo dukani tangu enzi na enzi. Ila kuna mtu mmoja Pugu, gadi wa treni aliyestaafu, jina lake Albano, ana BSA ndugu moja na hilo. Huko nyuma alikuwa mteja wake, na alikuwa mtu wa akiba. Kila kitu alinunua viwili. Siku nyingi hajamwona. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akasema fundi, nenda ukainame Pugu.

Mfaume alikwenda siku ya pili yake, amevaa koti na kofia yake safi ya kufuma, njia nzima anapanga maneno ya kumbembelezea mwenye mali. Nyumba aliipata bila taabu. Alivyokaribia akaona watu wamejaa uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi, kimya. Akauliza kwa nani hapa. Akaambiwa kwa marehemu Albano, amefariki juzi, wanangoja padri ndio wakazike.

Hakuna mtu mwenye haya anayeuliza spea kwenye msiba. Alitoa pole, akakaa benchi la mwisho, boya linamchoma mfukoni kama kaa la moto. Alihuzunika, na ukweli usemwe, alijihuzunikia yeye mwenyewe kwanza na marehemu baadaye. Akaazimia watakapokwenda kuzika naye aende, atupie mchanga, kisha arudi kwake akamwachie Hamisa baraza.

Ila kulikuwa na kitu kilichomkera. Msiba ulikuwa umekaa vibaya. Watu wamenyong'onyea kama wameadhibiwa, hakuna anayemsemesha mwenziwe, na mjane, mama mmoja mwembamba anayeitwa Kalunde, ameketi mlangoni macho makavu, anatazama ukuta. Jirani yake benchini alimnong'oneza kwamba tangu juzi mama huyo hajalia wala hajala. Aliyesimamia mambo alikuwa mdogo wa marehemu, Leodegar, pande la mtu, naye alikuwa analalamika kwa sauti ya chini kwamba wameshindwa kupata mtani hata mmoja. Waliokuwepo zamani wamehama, na vijana wa siku hizi hawajui kitu.

Mfaume akauliza hawa ni watu wa wapi. Akajibiwa, Tabora. Wanyamwezi.

Hapo ndugu yangu moyo wa Mfaume uliruka. Yeye alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa, baba Mzaramo, mama Mzaramo. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, wakati Wanyamwezi wanashuka pwani na mizigo. Mtani msibani si mgeni. Ana kazi yake, na kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, kuwasumbua, kuwazuilia hata maziko, na asikasirikiwe na mtu. Na akimaliza ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu, chochote atakachogusa, mpaka wenyewe wamgombolee. Mfaume alikumbuka yote mawili kwa pamoja, kazi na haki, na aliona aibu kwamba haki ilitangulia kidogo.

Padri alipomaliza sala na jeneza lilipoinuliwa, Mfaume alitoka mbio, akalala chali katikati ya njia na koti lake jipya.

"Huyu hazikwi," alisema. "Babu zake walipita kwetu na pembe mabegani, wakanywa visima vyetu mpaka tope, wakasema wakirudi watatuletea asali. Mie nimekuja kuchukua asali yangu."

Waliobeba jeneza wakasimama wakimtazama. Halafu Leodegar akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, na kumbe anacheka. Akapiga ukelele kwa lugha ya kwao, na uani pote watu wakaitikia. Mtani amepatikana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Toka hapo Mfaume hakushikika. Aliomba kofia ya reli ya marehemu na filimbi yake, akapewa. Hakumjua Albano hata kwa sura, lakini watu walimwelekeza huku wakicheka, alitembea hivi, alikohoa hivi, na yeye akatembea hivyo na kukohoa hivyo. Alipuliza filimbi akawatangazia waliobeba jeneza kwamba treni ya Tabora imechelewa kama kawaida yake, wateremke wale miwa kwanza. Alimfuata mjane mlangoni akamdai tiketi. Kalunde akamtazama. Midomo ikamcheza, akacheka, kicheko kimoja kikubwa kilichomtoka bila ruhusa, na nyuma ya kicheko hicho machozi yakaja, yakaja ya kweli, na wanawake wakamkumbatia. Mfaume akavua ile kofia na kusogea pembeni. Na yeye alikuwa analia, wala hakujificha. Jeneza likapita.

Waliporudi kutoka makaburini, Leodegar akamshika mkono, akamwambia sasa achukue chake. Nyuma ya nyumba, chini ya bati, lilikuwepo BSA la Albano, limepakwa mafuta, safi kama la jana. Mfaume angeligusa lingekuwa lake. Alisimama mbele yake muda mrefu, na roho yake ikakataa. Akamwendea mjane, akachuchumaa, akamweleza yote: kwamba hakuja msibani, alikuja kutafuta boya, na habari za Hamisa na friji na Idi, akafungua leso akaonyesha na lile boya bovu.

"Basi ni yeye aliyekuita," Kalunde alisema. "Alijua tutakosa mtani."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma vidogo vilivyofungwa kwenye karatasi. Albano alikuwa amenunua boya la akiba, na hakupata kulitumia. Mfaume alilipokea kwa mikono miwili. Waliokuwepo wakacheka sana kumwona mtani anayeacha pikipiki zima na kuondoka na kikopo. Leodegar hakucheka. Alimwambia kwamba amechukua kidogo, lakini yeye siku atakapofika Temeke hatachukua kidogo. Mfaume akamjibu kwamba Mnyamwezi akionyeshwa njia hata kwa ramani hafiki.

Boya lilikaa mahali pake kama lilizaliwa humo. Siku tatu kabla ya Idi, Mfaume alikanyaga kiki mara ya kwanza kimya, mara ya pili kikohozi, mara ya tatu pikipiki likanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani. Hamisa alikuwa jikoni. Hakutoka. Lakini alipomletea chai, kikombe kilikuwa kile cha wageni.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, Mfaume akamwambia apande wazunguke kidogo. Hamisa akasema yeye na magoti yake hapana. Akasema watu watacheka. Akasema ngoja avae baibui. Wakaenda mpaka Kurasini wakatazama winchi za bandari, wakarudi, na njia nzima Mfaume alisikia mkono wa mkewe kiunoni pake, umeshika pale pale ulipokuwa ukishika zamani. Alifurahi mno. Kuhusu friji hakuna aliyetaja.

Na mchana huo huo, pilau iko motoni, nani anatokea kona ya mtaa? Leodegar. Hakubisha hodi. Alipanda baraza, akavua kofia yake, akaitundika kwenye usukani wa pikipiki.

"Hili sasa la Wanyamwezi," alisema.

Mfaume alicheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Sheria anaijua, akaanza kugomboa. Akatoa paja la mbuzi wa Idi, Leodegar akakataa. Akatoa redio, akakataa. Akatoa koti lile lile la msibani, akaambiwa lina mchanga. Kisha pande la mtu likamgeukia Hamisa aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mke wangu," akamwambia kiutani, "nimesikia unataka nafasi ya friji. Mie nakusaidia tu. Sema neno moja naondoka nalo."

Mfaume hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitazama sakafu ya baraza, lile doa la petroli ambalo Hamisa alilisugua miaka mitatu bila kutoka. Neno moja tu, na halikuwa neno gumu. Akasikia mwiko unawekwa chini, kandambili zinakuja, springi za kiti zinalia. Hamisa alikuwa amekaa kwenye pikipiki, upande upande, kanga yake ya jikoni na unga mkononi.

"Lichukue," alisema. "Ila mie nililetwa mjini nimekaa hapa, na siteremki. Utanipeleka hivi hivi mpaka Tabora."

Leodegar akasema Mzaramo wa umri ule atamfilisi kwa kula. Akacheka mpaka akashika nguzo. Alipotulia, akavaa kofia yake na kueleza alichotumwa. Hakutaka paja wala redio. Fidia yake ni moja, na si yeye aliyeitaja. Kalunde ameuliza kama boya limefaa, na anaomba siku moja wapande nalo mpaka Pugu, alisikie likinguruma.

Hawakungoja siku moja. Hamisa alifungasha pilau kwenye hotipoti, akaipakata, wakamwacha Leodegar alinde nyumba na chungu. Pikipiki lilikwenda vizuri Barabara ya Pugu yote, na kwenye kile kilima cha mwisho Mfaume akabadili gia, likanguruma kwa sauti yake nzito ya zamani. Walipotokea juu, Kalunde alikuwa ameshatoka nje. Alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi, kama alivyokuwa akimtolea Albano kila alipopanda kilima hicho na pikipiki lake.

Mfaume akazima injini, akaipokea ile kata, akanywa.