Bei ya Liki Siku za Barafu

Siku ya nane ya baridi, shamba la Firmin Bouckaert lilikuwa gumu kama sakafu ya kanisa. Liki zake, vitunguu vile vya shina refu jeupe, zilisimama mstari kwa mstari na hakuna wa kuzing'oa. Ukivuta, shina linakatikia mkononi. Flandria nzima, kaskazini mwa Ubelgiji, ilikuwa hivyo, na ndiyo maana bei mnadani ilikuwa imepanda kutoka senti hamsini kwa kilo hadi yuro mbili na zaidi. Kila mkulima alikuwa na liki, na hakuna aliyekuwa na za kuuza.

Firmin na mkewe Lutgart walikuwa wamekubaliana. Liki zikirudisha gharama ya msimu, wataagiza mbegu za mwaka ujao. Zisiporudisha, shamba litakodishwa kwa mtu wa viazi. Muuza mbegu alitaka jibu Jumatatu.

Jumatano Firmin alikodi mashine ya kuvunjia lami. Jirani yake Odiel akaja kusimama ukingoni mwa shamba, mikono mfukoni.

"Unachimba mafuta, bwana?"

"Nachimba liki. Zako ziko wapi?"

"Zimelala. Mimi siamshi mtu."

"Basi kalale nazo."

Odiel akacheka, lakini hakuondoka, na baada ya robo saa alikuwa ameshika koleo. Firmin anavunja, Odiel anainua bonge, Lutgart anapanga kwenye kreti. Wakaziweka ghalani penye ubaridi ziyeyuke polepole, maana liki iliyoganda ukiikimbiza kwenye joto inageuka kamasi. Siku mbili za kazi zilitoa kreti tisini.

Ijumaa asubuhi bei ilikuwa yuro mbili na arobaini. Lori lilikuwa tayari uani.

"Peleka," Lutgart alisema.

"Kwa bei hii hatufiki. Tunapungukiwa kidogo. Jumatatu itagonga tatu, hapo tumevuka."

"Nani kakwambia?"

"Redio. Baridi wiki nzima."

"Redio haina liki, Firmin."

Alirudisha lori bandani.

Jumamosi jioni upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini na kuyeyusha barafu. Jumapili ikanyesha mvua ya kutwa, na kutoka dirishani Firmin aliona taa za trekta la Odiel shambani, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Liki za Odiel zilikuwa zimeamka. Za kila mtu zilikuwa zimeamka.

Jumatatu alikaa safu ya nyuma mnadani. Pale bei huanzia juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Mshale wa saa kubwa ya bei ulipita yuro mbili, wanunuzi wakinywa kahawa. Ukapita moja. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, na wote ndani walijua. Kreti tisini za Firmin zilinunuliwa kwa senti arobaini na nne.

Alipofika nyumbani, Lutgart alikuwa akimenya viazi.

"Arobaini na nne," Firmin alisema.

Lutgart akaendelea kumenya. "Ijumaa ningeagiza mbegu."

"Tulikuwa tunapungukiwa."

"Kidogo. Ulisema kidogo. Kidogo ningekimeza."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema peleka. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Firmin alikaa na koti lake mwilini, kisha akavuta simu na kumpigia muuza mbegu. Mazungumzo hayakufika dakika moja. Hapana, mwaka huu hapana. Hapana, mwakani pia. Salamu kwa mkeo.

"Na mtu wa viazi?" Lutgart aliuliza.

"Nitampigia kesho."

"Mpigie leo. Kesho utakuwa umesikia redio."

Akampigia. Halafu akavaa buti zake za mpira akatoka. Nusu ya liki ilikuwa bado shambani, na mtu wa viazi alitaka ardhi tupu ifikapo Machi. Zilitoka kirahisi sasa, moja baada ya nyingine, na udongo wake.