Mkono Unaoshona Haubebi

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumwona mtu akiiba kitu kilichomo ndani ya nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, na mwizi na mlinzi ni yeye yuleyule? Kama bado, sogeza kiti nikupe habari ya Bibi Sindano na mkoba wa kahawia.

Bibi Sindano hakuzaliwa na jina hilo. Majirani ndio waliompa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila sindano. Kama haiko mkononi, imechomekwa kwenye gauni kifuani, na kama haiko kifuani, basi nyumba nzima imeinama inaitafuta. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kukarabati mikoba ya ngozi ya mitumba. Mkwewe, mke wa mwanawe, aliyeitwa Mama Pacha, ndiye aliyekwenda kuchagua belo, lile robota la mitumba, na ndiye aliyeuza. Mmoja mikono, mwingine mdomo. Walikaa nyumba moja na kulia meza moja, na meza hiyohiyo ndiyo karakana: asubuhi chai, mchana gundi, na ole wake atakayekosea chupa.

Na mikoba ilivyokuwa ikifika, usiombe! Imebanwa ndani ya belo mpaka imekuwa bapa kama soli ya kandambili. Mmoja hauna mkanda, mwingine zipu imeng'oka meno, mwingine umeota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini. Bibi aliipokea kama muuguzi anavyopokea wagonjwa. Kwanza aliikung'uta, akatoa vumbi la kwenye mikunjo kwa mswaki mkuukuu. Kisha kitambaa chenye unyevu na povu kidogo la sabuni, kidogo tu, maana ngozi, alisema, ni mgeni wa heshima, hamwagiwi maji mlangoni. Ukungu aliufuta kwa siki iliyozimuliwa. Akaijaza magazeti irudishe tumbo lake, akaianika kivulini, kwa kuwa jua huipasua ngozi kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Ndani aliweka kipande cha mkaa kilichofungwa kitambaani, kinyonye harufu za watu. Ndipo yakaja mafuta, na baada ya mafuta rangi.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mkono unaoshona haubebi. Maana yake, anayefanya kazi ya mikoba hachukui mkoba wa kazi kuwa wake. Bibi mwenyewe ndiye aliyeitunga. Alipoanza kazi hii alikuwa na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo wake kila belo likifunguliwa alisema, "Dada, huu mmoja tu." Huu mmoja tu, huu mmoja tu, mpaka biashara ikahamia kabatini kwa mdogo mtu, naye akawa anatoka na mkoba mpya hata akienda kumwaga taka. Tangu hapo sheria ikawa sheria. Na haikuwa ya mdomo tu. Mama Pacha alipokuwa bibi harusi mbichi, alijitia mkoba wa kijani begani akajizungusha mbele ya kioo. Bibi akanyoosha mkono, akasema, "Mkono unaoshona haubebi, mwanangu." Mkoba ukavuliwa, ukauzwa siku ileile. Mama Pacha alisema, "Sawa, mama," kwa ile sauti ya mkwe mwenye adabu, sauti ambayo haisahau.

Sasa tumefika kwenye mkoba wa kahawia.

Ulitoka chini kabisa ya belo, umepondeka, umeng'oka mkanda upande mmoja, bitana ya ndani imechanika kama imepiganiwa na paka. Bibi aliuminya kwa kidole gumba, ngozi ikajikunja vijikunjo vyembamba kisha ikajinyoosha taratibu. Ngozi halisi. Akausafisha, akauvika bitana mpya aliyoikata kutoka kwenye gauni lake la zamani la maua ya zambarau, akaushona mkanda kwa uzi uliopakwa nta, mshono mdogomdogo kama punje za mtama. Siku alipomaliza akafunga kifungo chake cha chuma.

Tak!

Haikuwa tak ya kawaida. Ilikuwa tak ya mtu aliyemaliza mjadala. Bibi akafungua, akafunga tena. Tak! Akatazama kulia, akatazama kushoto, akauweka begani. Mkoba ukamkaa ubavuni kama mtoto aliyelala. Na hapo hapo, jamani, Bibi Sindano aliyeshona mikoba ya mji mzima akautamani mkoba kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Sasa atasemaje? Amwambie Mama Pacha, "Mwanangu, huu mmoja tu"? Heri ameze sindano! Akaona afadhali mkoba usiuzike. Usipouzika utakaa. Ukikaa sana utasahaulika. Ukisahaulika, basi mtu akiutundika nyuma ya mlango wa chumba chake, nani atauliza?

Mteja wa kwanza alikuwa nesi. Mama Pacha aliposema tu, "Kesho nesi anakuja kuangalia ule wa kahawia," Bibi akatoa kipande cha mkaa, akatia ndani kitambaa kilicholowa siki, akafunga. Nesi alipofungua alirudi nyuma hatua nzima.

"Bibi! Huu ni mkoba au ni chupa ya siki?"

"Ngozi ya zamani ina mambo yake, binti yangu," Bibi akajibu, uso umetulia kama maji ya mtungini.

Nesi akachukua mweusi, akaenda zake. Mkaa ukarudi ndani.

Wa pili alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Kwa ajili yake Bibi alifumua mishono michache ya mkanda, akaacha uzi mmoja tu unaojishikiza kwa imani. Mwalimu alipouinua, mkoba ukamwangukia kidole cha mguu. Alipoondoka anachechemea, Bibi aliishona mishono ileile, huku akiuomba mkoba msamaha kwa sauti ya chini. Akaja wa tatu, msusi, akakuta madoa meupe mbele yote. Bibi alikuwa ameusugua kwa kipande cha mshumaa mpaka ukaonekana umeota ukungu.

Lakini hila ina mkia, na mkia hukanyagwa. Jioni moja Mama Pacha alirudi amenuna.

"Mama, nisamehe nikisema. Huko nje wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Wanasema sindano ya Bibi imeingia kutu. Wanasema mikono imechoka, apumzishwe."

Maneno hayo yalimchoma pabaya. Mikono yake! Iliyofufua mikoba ambayo hata mbwa aliikataa! Alifungua mdomo aseme ukweli, akakumbuka ukweli wenyewe ni upi, akaufunga mdomo. Tak.

"Watu," akasema, "wana midomo." Akampokeza mkwewe kikombe cha chai.

Mama Pacha alikipokea kikombe, akaushika na mkono wa Bibi kidogo, akauinamia kana kwamba anaubusu kwa heshima. "Pole na kazi, mama," akasema, akatabasamu. Bibi akaona mkwe amelelewa vizuri, hata hakufikiria zaidi.

Siku iliyofuata akaingia mwanamke wa miraba minne, muuza gesi wa mtaa wa pili, ambaye hubeba mitungi begani kama wengine wanavyobeba kanga. Bibi hakuwa amemjua ana kwa ana. Mama Pacha alimkaribisha, akasema anakwenda kutazama sufuria, akapotelea nyuma ya pazia la jikoni.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuchukua mkoba wa kahawia."

"Marahaba. Kuuangalia," Bibi akamsahihisha.

"Kuuchukua."

Bibi hakuwa amepata nafasi ya kuutayarisha. Siki iko kabatini, mshumaa hajui uko wapi. Ikabidi atumie ulimi.

"Mwanangu, nisikufiche. Huu una harufu."

"Mimi nashinda na gesi, Bibi. Pua yangu ilishastaafu."

"Mkanda wake unang'oka."

"Uking'oka nitaukumbatia."

"Unaota ukungu!"

"Na mimi nina mba. Tutazoeana."

Pazia la jikoni likatikisika, ingawa upepo haukuwapo. Bibi akatokwa na jasho la pua. Akainama, akanong'ona kwa sauti ya msibani:

"Ulikuwa wa marehemu."

"Afadhali," muuza gesi akasema. "Hatarudi kuudai."

Akautwaa mezani, akautia begani, akajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani. Akafungua, akafunga. Tak! Ile tak ikampiga Bibi kifuani. Mkoba begani kwa mwingine ulionekana mzuri zaidi, na hilo ndilo lililoumiza.

"Umenifaa," mwanamke akasema. "Humu nitatia spana zangu, zile zenye grisi, na minyororo ya kufungia mitungi."

"Spana!" Bibi akapaza sauti. "Juu ya maua yangu ya zambarau?"

"Maua yatazoea. Na hii mishono uliyokuwa unaifumua kila wateja wakija, ikiniachia nitafunga kwa waya."

Bibi akamtazama muuza gesi. Muuza gesi akatazama dari. Bibi akageuka polepole kulitazama pazia, na pazia, kwa aibu, likafunguka. Mama Pacha alikuwa amejifunga mdomo kwa upande wa kanga, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Nilinusa siki vidoleni, mama," akasema alipopata pumzi. "Nikatazama meza, mshumaa umelika ubavuni na umeme haujakatika mwezi mzima. Nikasema, hii si kutu. Hii ni mapenzi."

"Mapenzi gani! Mimi nilikuwa najaribu... najaribu uimara wa—"

"Mama. Mkono unaoshona?"

Bibi akajifanya anatafuta sindano kifuani.

"Mkono unaoshona, mama?"

"Haubebi," Bibi akajibu kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Basi shoga yangu atoke na mkoba wake. Spana zinamngoja."

Muuza gesi akaaga vizuri kabisa, akaelekea mlangoni kwa hatua za bibi harusi, taratibu, taratibu, mkoba unabembea ubavuni. Akashika komeo. Akafungua nusu. Mwanga wa nje ukauangukia mkoba, ile rangi ya kahawia ikawaka kama imepakwa asali. Mama Pacha alisimama karibu na Bibi, sasa hacheki tena.

"Sema tu, mama," akamnong'oneza. "Sikuwekei kinyongo. Sema neno moja tu, anaurudisha."

Bibi akachomoa sindano kifuani, akairudisha, akaichomoa tena. Mlango ukafunguka wote.

"Nautaka!" akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Nautaka mimi! Nautaka tangu siku niliyoufunga mara ya kwanza! Na sheria ife leo, na belo lijalo wewe ndiye utachagua kwanza, mwanangu, uchague wa kijani, uchague hata wa dhahabu! Ila huo nipeni mimi. Nataka kuutia begani, nitoke nao mlangoni, nipite mtaa mzima polepole, na kila atakayeniuliza, 'Bibi, na mkoba huo unaenda wapi?' nimwambie siendi popote!"