Hesabu ya Hasket

Mtu alikuwa amefunga fundo moja kwenye kijiti cha boya. Avis Tolman aliliona kabla winchi haijaanza kuvuta, akapunguza injini, akalivuta boya ndani kwa mkono.

"Odell, njoo uone."

Odell, baharia wake wa miaka mingi, aliweka chini ndoo ya chambo, akatazama, akakuna kidevu. "Basi salamu zimefika."

Katika bandari ya Hasket watu hawagombani kwa maneno. Fundo moja kwenye boya la mwenzako maana yake ni ondoa madema yako hapa. Asiyeondoa hafungiwi la pili. Kamba inakatwa, na dema, yaani mtego wenyewe, linabaki chini likiendelea kunasa bila mvuvi.

Avis alilifungua. Lilikuwa limezungushwa kinyume, kama anavyofunga mtu wa mkono wa kushoto. Bandari nzima ilikuwa na nahodha mmoja wa mkono wa kushoto, naye ni Merle, mdogo wake wa tumbo moja.

Aliwasha winchi. Dema lilipanda likichuruzika matope. Lilikuwa la waya kama mengine yote, ila halikuwa na kidirisha, lile tundu ambalo sheria humtaka kila mvuvi aliache ili kambakochi wadogo watoke. Kibali maalumu kiliruhusu boti yake, Winifred, peke yake katika maji yale, kuwanasa kambakochi na kaa wachanga, kuwapima na kuwarudisha. Ndani mlikuwa na kaa wawili na kambakochi mmoja asiyezidi kiganja.

"Milimita thelathini na nane," Avis alisema, akiondoa kipimo cha shaba mgongoni mwa kambakochi. "Dume."

Odell alibonyeza kishikwambi. "Msimu wa kwanza hapa walikuwa wanagombania nafasi. Au wenzake wameenda kanisani?"

"Endelea kuandika."

Kazi hii Avis aliipata kwa mdomo wake. Miaka mitatu nyuma, katika mkutano wa wavuvi, aliinuka akawaambia watu wa ofisi ya uvuvi kwamba wanahesabu bahari wakiwa wamekalia viti. Ukumbi ulipiga makofi. Mtu wa ofisi akamjibu, basi hesabu wewe. Wakapiga kura, na bandari nzima ikamchagua, Merle wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa hesabu ilikuwa inashuka. Ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kipimo halali kitapandishwa, na kambakochi wengi ambao Hasket inawauza leo watakuwa haramu kesho.

*

Vaughn Ludlow ndiye mwenye gati, chambo, dizeli na mizani. Alikuwa pia na meli mbili kubwa zilizovua mbali, lakini yeye mwenyewe hakuwa amelowa miguu tangu ujana wake.

"Kaa, Avis. Kahawa?"

"Nimesimama tangu asubuhi. Nitamalizia hivyo hivyo."

"Sikuombi useme uongo." Ludlow alimimina kahawa ya mtu mmoja. "Nakuomba uyasogeze yale madema hadi Mlango wa Kusini. Huko wachanga wamejaa kama siafu. Unajua na najua."

"Mahali pa kutega palipangwa kwa bahati nasibu. Nikichagua penye watu, siyo hesabu tena, ni sherehe."

"Kipimo kikipanda unene wa sarafu, robo ya mzigo wa hawa watu inarudi majini. Na wako pia."

"Wangu kwanza. Mimi ndiye mwenye boti ndogo."

"Basi?"

"Basi wachanga hawapo, Vaughn. Nikiandika wapo, hawatakuja."

Ludlow alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa. "Chambo ni kigumu wiki hii. Sina hakika kama cha kesho kitawatosha wote."

"Wote, au mimi?"

"Nilisema wote," alijibu, akafungua mlango.

Merle alikuwa nje, akiosha sitaha ya boti yake. Aliendelea kuosha mahali palipokwisha kuwa safi.

"Ulisahau kufunga kwa mkono wa kulia," Avis alisema.

"Sikusahau, dada. Nilitaka ujue ni mimi." Alifunga maji. "Mwingine asingefunga. Angekata tu."

"Nikushukuru?"

"Uondoke pale. Watu wanakuita karani wa serikali."

"Karani ana bima ya meno."

Merle alikaribia kucheka, akajizuia. "Nina rejesho la boti, Avis. Nina binti chuoni. Unataka kuwa mkweli kwa boti yangu?"

"Ulininyooshea mkono ule ukumbini. Ulikuwa wa kushoto pia."

Maji yalianza kutiririka tena.

*

Madema ya kibali yalikatwa yote usiku mmoja, kila kamba kwa kisu kikali, chini kidogo ya boya. Avis na Odell walizunguka kutwa katika ukungu wakiokota maboya matupu, kisha Avis akapanda kilimani kwenye mtandao na kupiga simu ofisi ya uvuvi.

"Pole sana," alisema kijana wa upande wa pili. Sauti yake ilikuwa ya heshima kweli. "Umeripoti polisi?"

"Baharini hakuna mlango uliovunjwa, mwanangu."

"Ninaelewa. Tatizo ni kwamba kibali kinataka madema yote yawe majini. Vinginevyo takwimu za mwaka zinaharibika."

"Yatakuwa majini. Nitatumia yangu."

"Hayo yana vidirisha."

"Nitaviziba."

Kijana alinyamaza kidogo, akasema atawaarifu wakubwa zake. Avis alichukua ukimya huo kuwa idhini. Katika Hasket mtu akikunyamazia baada ya kumweleza utakachofanya, amekubali.

Walifanya kazi hiyo uani, juu ya nyasi zenye barafu ya alfajiri. Yalikuwa madema yake mwenyewe, yenye rangi zake mwenyewe, yaliyopaswa kuwa baharini yakimlisha. Alikata vipande vya waya, akaziba kidirisha kimoja baada ya kingine, hadi vidole vikakataa kufunga koleo. Odell alileta maharage kwenye sufuria, wakala wakiwa wamesimama.

"Ukiangalia vizuri," Odell alisema, "sasa tunafanana kabisa na wezi."

"Wezi wana chambo."

Chambo walinunua bandari ya jirani, kwa bei ya mgeni.

*

Asubuhi ya kuyapandisha, mkondo ulikuwa mkali. Waliyavuta madema yote kwanza, kila dema likapewa ndoo yake ya maji ya bahari ya kuwekea kilichonaswa, kupima kukaachwa kwa baadaye. Ndoo zilikuwa zimepangwa sitahani boti ya doria ilipotokea ukunguni na kujisogeza ubavuni.

Askari Dyer alivuka akiwa amevua kofia. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi pamoja na baba yake Avis.

"Habari za asubuhi, Mama Avis. Naomba kuona kibali."

Kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya usukani. Dyer hakukisoma.

"Kimesimamishwa tangu jana. Walikutumia barua pepe."

"Jana nilikuwa hapa hapa, nikitega. Barua pepe haiji hapa."

"Najua." Alitazama dema lililokuwa karibu, akapitisha kidole kwenye waya mpya juu ya kidirisha. "Haya ni yako. Rangi ni zako."

"Ya kibali walikata. Nani amekupigia?"

"Siwezi kusema."

"Na kazi? Imekufa?"

Dyer alizungusha kofia mikononi. "Imehamishiwa meli ya Ludlow. Ana bima, ana madema ya kutosha. Tumeambiwa tusiyaguse yakianza."

"Msiyaguse wapi?"

"Mlango wa Kusini."

Odell alicheka pumzi moja, kisha akageuka kutazama maji.

"Sikiliza, mama," Dyer alisema kwa sauti ya chini. "Wachanga bila kibali, faini ni kwa kila mmoja. Na kwa madema yaliyozibwa unanyang'anywa leseni. Zimwage hizo ndoo sasa hivi. Mimi nitakuwa natazama kule. Nitaandika onyo la vidirisha, basi."

Avis alitazama ndoo. Kuzimwaga kungechukua muda mfupi kuliko kuwasha injini. Leseni hiyo ilikuwa ya baba yake. Leseni za Hasket zina idadi maalumu; ukinyang'anywa yako, miaka inapita kabla mtu mwingine hajakuachia nafasi yake.

"Odell, kipimo."

"Mama Avis."

"Nimekusikia, mwanangu. Nashukuru."

Alichukua kipaza sauti cha redio, akaweka chaneli ambayo boti zote za Hasket huiacha wazi tangu asubuhi hadi jioni, akabonyeza.

"Hapa Winifred. Hesabu ya leo. Dema la kwanza: kambakochi mmoja, jike, milimita arobaini na moja. Kaa wawili."

Odell alimshusha jike majini kwa mikono miwili. Dyer akatoa kitabu chake cha faini.

"Dema la pili: dume mmoja, thelathini na sita."

Kalamu ilikwaruza. Redioni mtu alibonyeza kitufe chake ili kumfunika, ukasikika mlio mrefu. Avis alisubiri. Kisha sauti nyingine ikaingia, fupi, sauti ya Merle: "Mwache aseme." Mlio ukakatika.

"Dema la tatu: wawili. Jike, hamsini. Jike, thelathini na tisa."

Dyer aliandika wawili.

"Dema la nne: kaa mmoja. Kambakochi hakuna."

"Kaa simwandiki," Dyer alisema.

"Dema la tano: tupu."

Aliinamisha ndoo ili Dyer aone. Maji yalimwagika kwenye viatu vya askari, maji tu.

"Dema la sita: tupu."

Kalamu ilikuwa imesimama. "Tupu hazina faini, Mama Avis. Sina mahali pa kuziandika."

Avis alikuwa bado amebonyeza kitufe. Ndoo zilizobaki zilienea hadi nyuma ya boti, na kutoka pale aliposimama aliweza kuona, kupitia maji matupu, kitako cha karibu kila moja.

"Dema la saba: tupu," alisema. "Andika."