Zamu ya Uwanjani

Kabla ya kupata kazi, Mama Kinda alikuwa amefikia hatua ya kuzungumza na friji. Mume wake na mtoto wakishaondoka asubuhi, na mlango mzito wa ghorofa ukishajibamiza nyuma yao, alibaki peke yake na makochi ya kijivu ambayo hakuyachagua yeye, katika jengo la walimu ambalo kila nyumba ilikuwa na makochi yale yale ya kijivu. Friji ikinguruma, alijibu: "Haya, nimesikia." Ikinyamaza ghafla, aliiuliza, "Na wewe umenuna?"

Hata sala zake za mchana zilibadilika. Zamani aliomba kwa maneno mengi. Sasa alikaa tu mbele za Mungu, mikono mapajani, kama mgonjwa kwenye foleni asiyejua kama jina lake limeandikwa.

Kwao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sabini bila kugusa fimbo. Huku ugenini aliyeitwa kazini ni mumewe, mwalimu wa kemia. Yeye na mtoto walikuja nyuma yake kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Kwa hiyo siku aliposikia kwamba sehemu ya watoto wadogo ya shule ile ya kimataifa inahitaji msaidizi, mtu wa kufunga kamba za viatu, kupangusa rangi mezani na kuwaangalia watoto uwanjani wakati wa mapumziko, alitoa machozi ndani ya lifti.

"Msaidizi?" Baba Kinda aliuliza. "Wewe, mwalimu mzima?"

"Hata kufagia ningefagia, Baba Kinda. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi mwaka mzima sijaonyeshwa hata mpini."

Aliyemwajiri alikuwa mkuu wa sehemu ya watoto, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha haraka. Baba Kinda alimbandika jina la Mkuu wa Chini, kwa sababu ofisi yake ilikuwa chini kabisa, na maabara ya kemia ilikuwa juu ya kichwa chake. Kati ya habari za funguo na habari za kizibao cha rangi ya machungwa, Mkuu wa Chini alisema jambo moja zaidi: "Binti yako yuko hapa, darasa la nne. Saa za kazi, yeye ni mwanafunzi kama wengine. Sawa?"

"Sawa," Mama Kinda alisema, kwa uzito ule ule aliosema nao "nakubali" siku ya harusi yake.

Mwenyeji huisikia sheria kwa sikio moja. Mgeni huisikia kwa mwili mzima.

Jumapili ile walifanya mazoezi mezani jikoni.

"Tukiwa shuleni, mimi ni nani?"

"Mama," alisema Kinda. Alikuwa na miaka tisa, na jina hilo alilipata kwa kuzaliwa mdogo kama kifaranga.

"Siyo. Mimi nani?"

"Mama aliyevaa kizibao."

Chai ilimpalia Baba Kinda.

"Usicheke, unamharibu! Mimi ni Mwalimu. Utasema, 'Habari za asubuhi, Mwalimu.' Na hakuna kunikimbilia, hakuna kunivuta nguo. Watu wasije wakasema tumekuja kubebana."

Kinda aliuona mchezo mtamu. Wiki za kwanza alipita kwenye korido akasema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," huku amefumba jicho moja, na Mama Kinda akaitikia kwa uso mkavu kama chaki, kicheko kikimtekenya mbavu. Maisha yake yalikuwa yamepata miguu. Alikuwa na kikombe chake kwenye chumba cha walimu. Alikuwa na watu wa kuwaambia, "Afadhali Ijumaa imefika." Mtu asiyewahi kukaa na friji hawezi kujua neno hilo lina thamani gani.

Halafu ikaja siku ya vyuma.

Kwenye kona ya uwanja kulikuwa na vyuma vya kuning'inia, watoto wakivuka kwa mikono kama tumbili. Mama Kinda alikuwa zamu upande ule, filimbi shingoni. Alimwona Kinda akifika katikati, akamwona akiukosa mshiko. Aliusikia mwili ukitua. Kisha akasikia sauti ambayo angeitambua hata kwenye soko la watu elfu:

"Mama!"

Alikwenda. Miguu ilitaka kukimbia, akaizuia itembee. Akapiga goti, si karibu sana. Watoto walikuwa wamezunguka, na mwalimu wa michezo alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili. Kinda alimnyooshea mkono mzima. Ule mwingine ulilala chini umepinda vibaya.

Mama Kinda alisema kwa lugha ya shule, kwa sauti ya shule, "Usiogope. Nesi atakuangalia."

Mwalimu wa michezo alimbeba. Kinda, kidevu juu ya bega la mwanamume yule, alimtazama mama yake mpaka mlango ukajifunga. Naye Mama Kinda alirudi mahali pake. Alibaki pale mpaka kengele, akapanga mistari, akaingiza watoto wa watu ndani, akaenda kupangusa rangi. Aliyekwenda hospitali na Kinda ni baba yake, aliyeshuka kutoka maabara na miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso.

Jioni Kinda alikuwa amefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko. Mama yake alikuwa amepika chakula anachokipenda, akamkatia nyama vipande vidogo, akamsogezea sahani.

"Asante, Mwalimu," Kinda alisema.

Baba Kinda alicheka. "Leo tuna mgeni rasmi!"

Baada ya kula, kama kawaida yao, walishikana mikono kusali, mdogo kwanza. Kinda alifumba macho.

"Mungu, asante kwa chakula. Umbariki baba. Umbariki bibi na kuku wake. Uniponye mkono. Na umbariki Mwalimu. Amina."

Baba Kinda alifumbua jicho. "Mwalimu yupi?"

"Huyu." Akaonyesha kwa kidevu.

"Kinda! Muombe mama yako msamaha."

"Nimekosa nini? Si nimemuombea?"

"Mwache," alisema Mama Kinda. Ilikuwa zamu yake kufunga sala. Alifungua kinywa, maneno yakagoma, na Baba Kinda akafunga kwa niaba yake, harakaharaka, kama mtu anayefunika chungu kinachofurika.

Tangu siku ile ikawa hivyo. "Mwalimu, naomba chumvi." "Mwalimu, nimemaliza kuoga." Hakukuwa na kiburi ndani yake, angekuwa na kiburi angekemewa, mambo yakaisha. Kulikuwa na adabu tupu. Adabu ile ilimkaa Mama Kinda kifuani kama kipande cha ugali kilichomezwa bila mchuzi.

Alimpigia dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kusimamisha mashine kwa ajili ya simu ya mtu.

"Hebu rudia," alisema Dada Mkubwa, mashine ikitatarika. "Mtoto amevunjika mkono, wewe ukamwambia nani atamwangalia?"

"Nesi."

Mashine ikanyamaza.

"Mdogo wangu, wewe ulizaa au uliajiri?"

"Dada, ni sheria ya kazi."

"Sheria! Nakujua tangu utoto. Watu wakiambiwa wasikanyage nyasi, wewe unaruka mpaka kivuli cha nyasi. Nani alikwambia usimguse mwanao?"

"Mkuu."

"Alisema hivyo? Alifungua mdomo akasema, 'mtoto akivunjika, mwangalie tu kama sinema'?"

Mama Kinda alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Basi kamuulize. Mimi nina gauni la bi harusi hapa, na bi harusi mwenyewe ananenepa kila siku. Kamuulize, halafu usali. Usianze na kusali ukajificha humo."

Neno la mwisho lilimchoma, maana ndivyo alivyokuwa akifanya.

Kesho yake aligonga kwa Mkuu wa Chini. Alikuwa ameyapanga maneno: kwamba anaomba, kwa unyenyekevu, sheria ilegezwe pale mtoto anapoumia. Mkuu wa Chini alimsikiliza, kalamu hewani, na uso wake ukabadilika polepole.

"Sheria gani?"

"Ile ya siku ya kwanza. Mwanafunzi kama wengine."

"Lo!" Aliweka kalamu. "Nilikuwa nasema juu ya alama, na zamu, na nani aigize malkia kwenye mchezo wa mwisho wa mwaka. Wazazi hapa hugombania umalkia mpaka aibu. Wanangu wamesoma shule hii. Mdogo alikuwa anakuja kulia chini ya meza hii hii, nami nasaini karatasi." Akainama mbele. "Siku ile nilidhani wewe ni mtu jasiri sana. Nilikuonea huruma. Nani alikukataza kumbeba?"

Mama Kinda alishukuru, akatoka. Kwenye korido alisimama mbele ya michoro ya watoto, akaitazama bila kuiona. Angekatazwa, angekuwa na mtu wa kumlaumu. Sasa alikuwa amebaki na yeye tu. Ningeweza kunyamaza, alijiambia. Ningeweza kumwambia Kinda kwamba sheria imebadilishwa, na wote tungepona. Alisali kimoyomoyo, sala fupi, na jibu alilopata halikumfurahisha.

Jumamosi alimchukua Kinda wakashuka chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako mashine zilizungusha nguo za familia za mataifa yote. Shuka zilipokauka walikunja pamoja, Kinda akishika ncha mbili kwa mkono mmoja na meno.

"Nataka kukwambia kitu," alisema Mama Kinda. "Mkuu hakunikataza kuja kwako siku ile. Nilidhani amenikataza. Nimemuuliza."

Kinda aliachia meno. "Kwa hiyo ungeweza kuja."

"Ningeweza."

Mashine moja iligeuka, ikaanza kusokota kwa kasi.

"Uliogopa nini, Mwalimu?"

"Niliogopa wataniona sifai. Wataniondoa kazini. Nitarudi kukaa ndani."

"Na friji."

"Na friji."

Kinda hakucheka. "Mimi nilikuita."

"Nilisikia."

"Nilifikiri labda hukusikia."

"Nilisikia, mwanangu."

Mtoto aliitazama shuka. "Ungesema hukusikia," alisema. "Ingekuwa afadhali."

"Ningekuwa nakudanganya."

Kinda alimkabidhi ncha zake za shuka, akaenda kwenye lifti peke yake. Mama Kinda alimalizia kukunja akitumia kidevu na kifua, kama anavyokunja mtu asiye na wa kumshikia upande wa pili.

Jumapili ilipita kimya. Baba Kinda, aliyeambiwa yote, alijaribu mzaha, ukaangukia pua, akajaribu kupika, nacho kikaungua. "Kemia ya jikoni ni nyingine," alisema, na mkewe akatabasamu ili asimwache peke yake katika maneno yake. Kwenye sala Kinda alimbariki baba, bibi na kuku. Akasita. Akasema amina.

"Hata Mwalimu ameondolewa," Mama Kinda alimnong'oneza mumewe walipokuwa wanaosha vyombo.

"Labda anatafuta cha kuweka hapo," Baba Kinda alisema. "Mpe nafasi."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Kinda alikaa kwenye benchi la ukutani, maana aliyefungwa plasta haruhusiwi kukimbia. Wenzake walikuwa wameshaandika majina yao kwenye plasta ile siku za kwanza, wakashangilia, wakachoka. Sasa alikuwa peke yake, akibembeza miguu isiyofika chini. Mama Kinda alimtazama kutoka mahali pake. Akapiga moyo konde. Akamwendea mwalimu wa michezo, akamwomba ashike zamu ya pande zote mbili kidogo, akauvuka uwanja mbele ya macho ya watoto wote, akakaa kwenye benchi.

Kinda alisogea kidogo, na haikujulikana kama anamkimbia au anampa nafasi.

Mama Kinda alikuwa amejiandaa kwa mengi, yote yakamtoka. "Mkono unawasha?" aliuliza, kwa lugha ya nyumbani.

"Ndani. Siwezi kufikia."

Alivishika vidole vidogo vilivyochungulia kwenye plasta, akavisugua kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Kinda hakuvitoa. Watoto wawili walipita, wakawatazama, wakaendelea na safari yao. Upepo ulisukuma kikaratasi cha biskuti kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mama," Kinda alisema, akitazama mbele, "wale wanapigana."

Mama Kinda hakugeuka.

"Wale pale, wa mpira. Nenda basi, watavunjana."

Alikwenda. Wavulana wawili walikuwa wamekabana kola, kila mmoja akiapa kwa lugha yake kwamba mpira ni wake. Aliwatenganisha, akauchukua mpira, akawasemesha kwa ukali ambao hakuwa nao moyoni. Kengele ikalia. Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu, na mstari wa darasa la nne ulikuwa unaishia mlangoni. Hakuweza kuuona mkono mweupe kati ya migongo ile.

"Asante, Bwana," alisema kwa sauti ndogo.

Alitamani kumwambia mtu. Kwa dada yake kungali alfajiri, na mumewe alikuwa juu na moto na chupa zake. Palikuwa na mwalimu wa michezo tu, aliyekuwa anaokota koni za plastiki na kuzipachika moja juu ya nyingine. Angeanzia wapi kumweleza, na kwa lugha gani, kwamba ameitwa?

"Kila kitu sawa?" mwanamume yule aliuliza kutoka mbali.

"Sawa," alisema Mama Kinda, akampelekea mpira.