Benchi la Wenye Vipaji

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, karani wa ajira alikuwa ameshavua viatu vya njiani, ameshavaa vya ofisini, na ameshabandika swali la wiki kwenye Jukwaa la Vipaji. Jukwaa lilikuwa kundi la mtandaoni la watu elfu tatu waliotaka kazi katika kiwanda cha rangi. Kazi hazikuwapo. Yeye alilipwa kuwaweka karibu, wasichoke wala wasihamie kwa washindani, ili siku nafasi ikipatikana watu wawe tayari. Wiki hiyo aliuliza: "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Chini yake akaandika kama kawaida: "Karibuni, tuko pamoja."

Baada ya dakika chache mwanamume mmoja alitoka kwenye skrini ya kompyuta yake, ametanguliza mguu, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa fundi bomba, na kwa miaka minne hakuwahi kukosa kujibu swali. Aliuliza akae wapi. Karani alimwonyesha benchi la koridoni, akamwomba asiegemee ukuta maana chokaa inabanduka.

Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na tisa. Hawakula, hawakuomba maji. Mfanyausafi alipiga deki akiwazunguka. "Inueni kidogo, wanangu," aliwaambia, nao wakainua miguu. Meneja alipita, akawatazama, akaridhika.

"Hii ndiyo jumuiya iliyochangamka," alisema. "Agiza benchi la pili."

Jumatatu iliyofuata alitoka mdogo wake karani, mtunza stoo aliyekuwa nyumbani mwaka wa tatu sasa. Karani mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye kundi na kumfunda: jibu kabla ya saa mbili, shukuru kwa kila kitu, usilalamike. Sasa alikuwa na nyota nyingi za Jukwaa kuliko wote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Sisikii njaa."

Alimpa nafasi ya mwisho wa benchi, karibu na mlango wa meneja, angalau aonekane. "Nafasi ya stoo inatoka wiki hii," alimnong'oneza. "Kaa mkao wa kula."

"Nimekaa, dada."

Nafasi ilitoka Jumatano. Alhamisi akapewa mtoto wa shemeji yake meneja, ambaye Jukwaa hakulijua na stoo hakuwahi kuingia. Huyo alipitia mlangoni kama watu wengine. Mdogo wake karani alivuta miguu ampishe, akamsalimia pia.

Karani aliingia kwa meneja. "Na wale wa kwenye benchi?"

"Wale ni hazina," meneja alisema bila kuinua macho. "Hazina haitumiwi ovyo. Waandikie kitu kizuri."

Alirudi mezani kwake. Uchungu aliusikia, ila kwa mbali, kama jino lililopigwa ganzi. Alifikiria kuwaandikia ukweli. Karani aliyemtangulia aliwahi kuuandika, na sasa alikuwa mtu wa sita kwenye benchi kutoka dirishani, bahasha mapajani. Basi akaandika: "Nafasi ya stoo imejazwa. Ahsanteni kwa uvumilivu wenu. Tuko pamoja."

Simu zote za koridoni zikalia kwa mpigo. Alama za moyo zilianza kumiminika. Ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake.

Jioni hiyo mama yao alipakua sahani tatu kama kawaida, ingawa tangu Jumatatu moja haikuguswa.

"Mdogo wako leo pia haji?"

"Yuko ofisini, mama."

Mama aliweka mwiko chini. Maneno hayo alikuwa ameyangoja miaka mitatu. "Na umekaa kimya siku zote hizi," alisema. "Nilijua tu hutamtupa ndugu yako. Wamempa meza?"

"Benchi, kwa sasa."

"Si haba," mama alisema, akaifunika ile sahani ya tatu.