Uduvi wa Mdomo wa Mto

Flaviana alivuta kimia mara ya kwanza, kikatoka na tope tu. Akakisuuza, akasogea mbele kidogo, akavuta tena. Matope. Wiki iliyopita hapohapo, mto unapomwaga maji yake kwenye kinamasi cha tindiga la Bahi, uduvi walikuwa wamejaa kama pumba kwenye beseni, majike yao yamebeba mayai tumboni. Sasa hakuna hata mmoja.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili kule Chimwaga, na tangu masika yaanze alikuwa akifuatilia namna vijidudu hivyo vya jamii ya kamba vinavyozaana, vinavyopungua na kuongezeka. Alifikia kwa shangazi yake, Domitila, mkulima wa mpunga. Na shangazi, siku chache nyuma, alikuwa amepulizia majaruba yake dawa ya wadudu. Mfereji wake ulimwaga maji palepale Flaviana alipokuwa amesimama.

Alikunja kimia, akarudi nyumbani, akashindwa kula. Akampigia simu Dokta Anyitike, msimamizi wake.

"Usimtaje mtu kabla hujajaribu," dokta alimwambia. "Huenda wameliwa na vifaranga vya kambale. Huenda mkondo umewasukuma kwingine. Wewe unajuaje?"

Basi akaenda upande wa juu wa mto, akapata uduvi wazima, akawagawa kwenye ndoo mbili alizotoboa na kuziba kwa chandarua. Moja akaizamisha juu ya pale mfereji wa shangazi unapoingia mtoni, nyingine chini yake. Siku nzima hakutulia. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Shangazi akamuuliza kama anaumwa, akajibu hapana huku akitazama pembeni.

Asubuhi iliyofuata uduvi wa ndoo ya juu walikuwa wakirukaruka. Wa ndoo ya chini walikuwa wameelea, weupe, wamejikunja.

Alimkuta shangazi akipepeta mchele uani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo?"

Flaviana alieleza yote. Shangazi alisikiliza bila kusimamisha ungo, mpaka liliposemwa neno mfereji. Ungo ukatulia.

"Mwaka juzi wadudu walimaliza mpunga wangu. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Tulishindia mlenda bila ugali. Leo nimeokoa shamba, unakuja kuniambia nimeua vidude ambavyo hata havionekani."

"Vifaranga vya samaki vinakula hivyo, shangazi. Vikiisha, na samaki wataadimika."

"Utaniandika jina?"

"Siandiki jina la mtu."

"Huna haja ya kuandika. Mfereji ule Bahi nzima wanaujua ni wa nani."

Shangazi aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga kiunoni na jembe liko begani.

"Hiyo dawa inakaa muda gani kwenye maji?"

"Inapungua ukali siku hadi siku. Maji yakibaki jarubani, mpunga hauna neno."

"Basi njoo tuzibe."

Waliziba mdomo wa mfereji kwa tuta la udongo na mabua. Lakini mchana wingu zito lilifunga upande wa juu, mvua ikashuka kwa fujo, majaruba yakafura mpaka tuta likaanza kuvuja. Wakarudi mbio. Flaviana alichota tope kwa mikono, shangazi akishindilia kwa miguu, kila wakiziba huku panafumuka kule. Hakuna aliyemsemesha mwenzake ila "hapa" na "leta." Mwisho shangazi alikaa kabisa kwenye ufa, maji yakimfika kifuani, mpaka Flaviana alipopanga mifuko ya mchanga nyuma yake. Tuta likashika.

Waliacha maji jarubani mpaka mpunga ulipoanza kubeba masuke, ndipo wakafungua kidogokidogo. Flaviana alikuwa akishuka mtoni kila kulipokucha, na kila siku akirudi na kimia kitupu. Hatimaye kimia kilitoka na uduvi kiganja kimoja, walioletwa na mkondo kutoka juu. Wachache mno. Lakini miongoni mwao lilikuwamo jike lenye mayai.

Alilipeleka nyumbani ndani ya chupa. Shangazi aliinua chupa juani, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye tuliyelowa kwa ajili yake?"

"Ndiye."

"Na wadudu wa mpunga watarudi mwakani. Unajua hilo?"

"Najua."

"Nitawapulizia nini?"

Flaviana alisema atauliza chuoni, kwamba huenda zipo njia nyingine, kwamba maji yakizuiliwa mapema madhara hupungua. Aliyasikia maneno yake kuwa mepesi. Shangazi alimrudishia chupa.

"Uliza upesi," alisema. "Mimi mbegu nazimwaga mvua za kwanza."

Bodaboda ya kumrudisha chuoni ilikuwa ikisubiri nje. Flaviana alipanda na kuondoka, na mpaka wanafika Chimwaga alikuwa bado akitafuta jibu.