Cha Pili kwa Kauli Moja

Marehemu tajiri aliyeanzisha tuzo ile alikuwa muuza saruji, na inasemekana maishani mwake hakumaliza kitabu hata kimoja. Si kosa lake. Tajiri ana mambo mengi. Ila alipozeeka alitaka jina lake libaki kwenye kitu kisichopata nyufa, ndipo akatoa fedha na kuagiza kwamba kila mwaka itafutwe dunia nzima hadi kipatikane kitabu kimoja kilicho bora kuliko vyote. Walioshinda waliiita Tuzo Kuu ya Kimataifa. Waliokosa waliiita Tuzo ya Saruji, na kwa kuwa waliokosa siku zote ni wengi, jina lao ndilo lililoshika.

Mwaka huo majaji walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyejulikana kwa jina la Wembe. Jina alipewa na waandishi, nao walikuwa na sababu. Alikuwa mhakiki wa gazeti, na kila Jumapili alivinyoa vitabu vya watu bila maji wala sabuni. Mtu mzima na mvi zake alifungua gazeti, akasoma, akalikunja, kisha asionekane barabarani hadi katikati ya wiki. Wembe hakuona haya. Alisema vitabu vibaya ni vingi kuliko siku za kuishi, na lazima apatikane mtu wa kufagia.

Sasa mtu wa namna hiyo siku akikipenda kitabu, hujui atafanya nini, maana hata mwenyewe hajui.

Kilimpata jikoni. Alikuwa amesimama akisubiri maji yachemke, mkononi ameshika kijitabu chembamba alichokiokota kwenye maboksi ya vitabu vya tuzo. Maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kuungua. Mumewe, daktari wa meno, alifuata harufu, akazima jiko, akamkuta mkewe machozi yanamtiririka.

"Kafariki nani?"

"Hakuna. Nasoma."

Mumewe aliitazama sufuria, akamtazama yeye. Alishawahi kumwona akivicheka vitabu, akivizomea, na mara moja akikirusha dirishani. Kukililia kitabu ilikuwa mara ya kwanza.

Mwandishi alikuwa mkunga mstaafu, na kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Kilihusu mume na mke walioachana lakini wakaendelea kukaa nyumba moja kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa wa kuhama. Hawasemezani. Jiko wanatumia kwa zamu. Na kila mke akichelewa kurudi, mume humwachia taa ya nje ikiwaka, wala hamwambii; mke akiingia huizima, wala hashukuru. Basi, ni hayo tu. Wembe alitafuta pa kukata, akapakosa.

Tena alikuwa anajua jambo jingine. Mchapishaji wa kitabu kile, mtu wa chumba kimoja juu ya duka la viatu, alikuwa amemlalamikia kwamba hakiuziki na kwamba bila tuzo hatakichapa tena. Na mkunga mwenyewe aliwaambia watu wa gazeti kwamba yuko katikati ya kitabu kingine, na atakimaliza akishajua kwamba yupo hata mtu mmoja aliyekipenda cha kwanza. "Sina umri wa kuongea peke yangu," alisema. Wembe alikitaka hicho kitabu kingine kama mtu anavyotaka maji.

"Basi si uwaambie wenzako umekipenda?" mumewe alimuuliza, huku anakwangua sufuria.

"Hujui mambo ya mle ndani, mume wangu."

"Mle ndani kuna nini?"

"Ukikisifu kitabu umekiua."

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka uliotangulia alijaribu kusifu, tena kidogo tu, na jaji mmoja akavua miwani akamuuliza kwa upole kama mwandishi ni ndugu yake. Kitabu kilizikwa kabla ya chai ya saa nne. Kila jaji pale alishazika na kuzikiwa, na kila mmoja alishajifunza. Maana upigaji kura wenyewe ulikuwa hivi: jaji anaandika kwenye karatasi kitabu chake cha kwanza na cha pili. Kitabu kikipata zaidi ya nusu ya kura za kwanza, kimeshinda, na mjadala umekwisha. Lakini hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu tuzo izaliwe, kwa sababu majaji hawakuwahi kukubaliana hata juu ya kiyoyozi kiwashwe au kizimwe. Kwa hiyo kura za kwanza hutupwa, zikahesabiwa za pili, na mshindi siku zote hutoka huko. Mwenye akili, basi, akikipenda kitabu hukiweka cha pili, hukisemea maneno mawili ya baridi, na kwenye nafasi ya kwanza huweka kitu kisicho na hatari ya kushinda.

Wembe alikuwa na akili. Na kitu kisicho na hatari alikipata bila kuhangaika.

Kilikuwa kitabu cha bwana mmoja mashuhuri ambaye kila mwaka hutajwa na kila mwaka hukosa. Kilikuwa na kurasa mia tisa, na majaji wote walikiita Tofali. Wembe alilisoma hadi ukurasa wa arobaini, mhusika mkuu bado anapanda ngazi. Akalipeleka kwenye mlango wa stoo, ambao ulikuwa haukai wazi, na huko Tofali likafanya kazi yake vizuri sana.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa hoteli, penye meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, chupa za maji na kibakuli cha peremende. Marehemu wa saruji aliwatazama kutoka ukutani. Mwenyekiti alikuwa Balozi mstaafu, aliyepewa kiti hicho kwa kuwa ana suti nzuri na hajawahi kumuudhi mtu. Kulia kwake alikaa Profesa, ambaye jambo dogo alilizungusha hadi lenyewe lisahau lilikotoka. Kushoto alikaa Malenga, mshairi aliyejigamba kwamba kitabu hukijua kwa kukinusa. Mwishoni mwa meza alikuwa Katibu, mama mpole mwenye mhuri.

"Tuanze na hiki cha mkunga," alisema Balozi. "Nani ana neno?"

Kila mtu akawa na kazi na peremende yake.

"Si kibaya," alisema Wembe.

"Kina upole fulani," alisema Profesa, macho darini.

"Ni kifupi," alisema Malenga.

"Basi kibaki kwenye orodha. Hakina adui." Balozi akageuza ukurasa haraka. "Haya, na hiki kikubwa?"

Hapo ndimi zikafunguka.

"Huyu bwana ana pumzi," alisema Profesa.

"Pumzi anayo," alisema Malenga. "Hasa pale katikati."

"Pale katikati pamenikaa sana," alisema Balozi, akajigusa kifua upande usio na moyo.

"Na mwisho wake mliuonaje?" Wembe aliuliza kwa ukorofi tu.

Wanaume watatu wakatikisa vichwa kwa pamoja, kama waliofiwa.

"Mwisho ule," alisema Profesa.

"Acha tu," alisema Malenga.

Wembe alicheka kimoyomoyo. Hawa hawajasoma, alijiambia, na wanavyolimwagia Tofali sifa, wanalichimbia kaburi. Akafurahi. Hakujiuliza kwa nini watu watatu wajichoshe kuzika kitabu ambacho hakuna aliyekiogopa, na hilo ndilo tatizo la werevu: humwonyesha mtu hila za wenzake zote isipokuwa ile inayofanana na ya kwake.

Wakaandika, wakakunja, Katibu akakusanya. Karatasi ya kwanza ilisema Tofali. Wembe akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu. Amepata mwenzake wa kutupa kura. Karatasi ya pili ikasema Tofali. Tabasamu likakwama. Ya tatu ikasema Tofali, na ya nne hakuhitaji kusomewa, maana mwandiko ulikuwa wake.

"Kwa kauli moja," alisema Katibu, sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Sijawahi kuona. Tangu nianze kazi hii sijawahi." Akagonga mhuri. "Na kwa kumbukumbu tu, cha pili ni cha mkunga. Cha mkunga. Cha mkunga. Na hapa tena, cha mkunga. Nacho kwa kauli moja. Jamani, mwaka huu mmependana."



"Mimi nilikisoma mara mbili," Balozi alisema polepole, kama mtu anayekiri kwa polisi.

"Mke wangu alinikuta nalia bafuni," alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza sentensi yake ilikuwa na mwanzo na mwisho.

 Malenga alifungua mkoba, akatoa kijitabu kile, kona za kurasa zote zimekunjwa.

"Basi turudie kura," alisema Wembe.

"Kanuni inaruhusu," alisema Katibu. Akavuta karatasi safi. "Mnaandika sababu, mnatia saini wote, napeleka kwa mjane wa marehemu. Haya, niandike sababu gani?"

Sababu ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwamba majaji wa tuzo kubwa kuliko zote wamekipa ushindi kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekisoma. Katibu alisubiri, kalamu hewani. Profesa akasema kwamba, tukilitazama suala kwa mapana yake, jaji wa kweli ni historia. Malenga akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Balozi akasema maji yakimwagika hayazoleki; siku nyingine angeongeza kwamba kizuri chajiuza, ila safari hii angalau aliona haya kulisema hilo. Macho ya Katibu yakabaki kwa Wembe.

Miaka yote alikuwa amewavua watu nguo hadharani kila Jumapili. Zamu yake ilipofika ya kufungua kifungo kimoja, alishindwa.

"Acha tu, dada," alisema. "Peleka hivyo hivyo."

Wenzake wakamshukuru kwa busara yake, kisha wakampa na adhabu: ndiye mwenye kalamu, basi aandike na kusoma hotuba ya kumsifu mshindi. Wembe alirudi nyumbani, akalitoa Tofali mlangoni, mlango wa stoo ukajifunga wenyewe. Mhusika mkuu alimaliza ngazi. Alipofika juu akakumbuka kwamba ameacha ufunguo chini, akaanza kushuka. Wembe akafunga kitabu. Akaandika yote aliyokuwa nayo moyoni kuhusu kijitabu cha mkunga, bila kufuta neno, na juu yake akaweka jina la Tofali.

Siku ya sherehe mkunga alikuja, kwa kuwa wote waliofika fainali walialikwa. Alivaa gauni la bluu na raba nyeusi, zile za mtu aliyesimama wodini maisha yake yote na hataki tena kuumizwa miguu na mtu. Alimfuata Wembe moja kwa moja. Kando ya Wembe alisimama Balozi na glasi yake.

"Shikamoo, mama," alisema Wembe.

"Marahaba, mwanangu. Najua hamruhusiwi kusema. Ila kile changu kilifika wapi?"

"Cha pili," alisema Wembe. Balozi akakohoa.

"Cha pili kwa nani?"

"Kwetu sote, mama. Wote wanne." Wembe alidhani amempa zawadi.

Mkunga alilipima jambo hilo kwa utulivu. "Kumbe hakuna hata mmoja aliyekipenda," alisema, bila uchungu. "Mtu hakipendi kitu akakiweka cha pili." Kisha akamtazama usoni. "Na wewe? Ulikipenda?"

Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nyuma ya neno hilo lilisimama swali jingine, kwamba mbona basi hukusema, na Balozi alikuwa ameacha hata kunywa ili asikie vizuri.

"Si kibaya, mama," alisema Wembe.

Mkunga akamshika mkono, akaupapasa, kama alivyowapapasa wazazi wengi wodini kabla hawajarudi nyumbani. "Asante kwa kunambia kweli. Waliniambia wewe humpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi kile kingine nitakiacha. Bustani yangu imejaa magugu."

Wembe aliitwa jukwaani. Alisoma. Alisema kwamba hiki ni kitabu kisicho na neno moja la ziada, na watu waliowahi kulibeba Tofali wakatazamana. Alisema kwamba mwandishi wake anajua watu wawili wanaweza kununiana maisha yao yote, na bado mmoja asilale hadi mwenzake aingie ndani. Mshindi alikunja uso, akitafuta aliandika wapi jambo hilo, kisha akaona ni zuri, akaitikia kwa kichwa. Alisema kwamba alikisoma akiwa amesimama na hakuona haya kulia. Sauti ikamkatika, na hapo hakuwa anaigiza. Ukumbi mzima ukasimama, na aliyekuwa wa mwisho kukaa, akiendelea kupiga makofi, ni mama wa gauni la bluu kwenye meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni.

Wakati wa kutoka alimsubiri Wembe mlangoni, macho mekundu.

"Nimefurahi nimekuja," alisema. "Unajua, na mimi nilikuwa najaribu kusema jambo kama lile lile. Kumbe yuko aliyeliweza. Kesho nakwenda kukinunua, nione linavyoandikwa."

Akamwomba Wembe amwandikie jina la kitabu nyuma ya kadi ya mwaliko, asije akalisahau. Wembe akatoa kalamu, akamwandikia.